Kibofu kinauma, sumaku inawekwa kichwani: tusikimbilie mashine

Mfamasia wa mtaani anamjua huyu mteja kwa sura. Ni mdada wa miaka thelathini na kitu, kila baada ya wiki kadhaa yuko dirishani anaulizia dozi ya UTI, kibofu kinamuuma kikijaa, akikojoa anapata nafuu ya dakika chache halafu mkojo unambana tena, usiku anaamka mara nne mara tano, tendo la ndoa limeshakuwa adhabu na mume naye ameanza kununa. Akipima anaambiwa eti kuna UTI kidogo, anameza sipro, wiki ijayo anabadilishiwa dawa nyingine, ya tatu anachomwa sindano, na maumivu yako palepale. Wapo kati yao wenye UTI sugu kweli, hilo silikatai. Ila wapo ambao mkojo wao ukioteshwa maabara inavyotakiwa hakioti kitu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na hapo ndo dozi inatakiwa isimame na maswali yaanze.

Madaktari wanauita ugonjwa huu sindromu ya maumivu ya kibofu, jina la zamani ni sistaitisi ya intastishali. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kinaueleza hivi kwa ufupi: maumivu, mgandamizo au usumbufu ambao mgonjwa anausikia unatoka kwenye kibofu, pamoja na dalili za mkojo, kwa zaidi ya wiki sita, na hakuna maambukizi wala sababu nyingine inayoonekana. Sio ugonjwa wa watu wachache, maana utafiti wa taasisi ya utafiti ya RAND uliotoka 2011 ulikadiria kwamba Marekani peke yake wanawake kati ya milioni 3.3 na milioni 7.9 wana dalili zinazoendana nao. Wanaume nao wanaupata, ila wanawake ndo wengi zaidi.

Sasa huko nje kuna watafiti ambao wameamua kutibu hiki kibofu kupitia kichwani. Hawapasui, hawatoboi, wanaweka sumaku juu ya fuvu, au wanapitisha umeme kidogo kwenye ngozi ya kichwa, wakitegemea ubongo utapunguza sauti ya maumivu. Msimamo wangu niuweke wazi mapema ili tusisumbuane: wazo lenyewe nalikubali, ushahidi wake bado mwembamba sana, na faida kubwa tunayoweza kuipata leo kutokana na utafiti huu haihitaji mashine hata kidogo. Nitafika huko, tuvumiliane.

Kwanza hili la kichwani, maana najua litaumiza watu. Mwanamke mwenye huu ugonjwa ameshasikia mara ngapi kwamba hana kitu, ni mawazo tu, aolewe, azae, apunguze stress. Hii dharau haijaanza jana. Mwaka 1915 daktari wa Baltimore anaitwa Guy Hunner aliandika kuhusu vidonda alivyovikuta kwenye vibofu vya wanawake, mpaka leo vinaitwa vidonda vya Hunner, na vinapoonekana vinatibika kwa kuchomwa au kudungwa dawa palepale. Tatizo ni kwamba wagonjwa walio wengi hawana hivyo vidonda. Kamera inaingia kwenye kibofu, daktari anaangalia huku na huku, anaona kibofu kizuri tu, na mwenye kibofu analia. Mpaka miaka ya 1970 vitabu vya kufundishia madaktari huko Marekani bado viliuweka ugonjwa huu jirani na matatizo ya hisia. Vicki Ratner alikuwa mwenyewe anasomea udaktari alipoanza kuumwa, akazungushwa na madaktari kibao kabla ya kupata jibu, ndipo mwaka 1984 akaanzisha Interstitial Cystitis Association, chama ambacho kilipiga kelele mpaka serikali ikaanza kutoa hela za utafiti. Mwanafunzi wa udaktari, kwenye nchi yenye hospitali kila kona, alizungushwa, sembuse mama wa Sengerema.

Kwa hiyo mtu kama huyo ukimwambia leo tunakutibu ubongo, atasikia matusi yale yale yamevaa koti jeupe. Nadhani watafiti wengi hawalipi hili uzito unaostahili. Lakini ukichimba, hoja yao ni kinyume kabisa na ile dharau. Kwenye utafiti mmoja uliotoka 2014 wanawake 82 wenye ugonjwa huu walilinganishwa na 85 wasio nao kwa picha za MRI zinazoonesha ubongo unavyofanya kazi mtu akiwa amelala tu ametulia, na maeneo yanayopokea hisia na yanayoamuru misuli yalikuwa yanafanya kazi tofauti, yakiwemo maeneo ya katikati ya kichwa yanayohusika na nyonga. Yaani kitu kimeonekana kwenye picha. Mtu anayejifanya hawezi kujipangia ubongo wake uwake namna hiyo.

Halafu kuna mradi mkubwa wa Marekani unaitwa MAPP, ulianzishwa 2008 na taasisi ya taifa inayoshughulikia kisukari na figo, wenyewe uliamua kuacha kukodolea macho kibofu peke yake na kuangalia mwili mzima. Wakawapa wagonjwa picha ya mwili waweke alama wanapoumwa. Asilimia 25 tu ndo walisema maumivu yanaishia nyongani. Waliobaki, robo tatu nzima, wanaumwa na kwingine, mgongo, mabega, tumbo, kichwa, na asilimia kama 38 maumivu yametapakaa mwili. Hapo ukiendelea kuosha kibofu kwa dawa kila mwezi na mgonjwa hapati nafuu usishangae, kwa wengine kibofu ndo kilianzisha ugomvi ila ugomvi umeshahamia kwenye mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo, ambavyo vimezoea kupokea taarifa ya maumivu mpaka kujaa kwa kawaida kwa kibofu kunatafsiriwa kama hatari.

Na kuna jambo la misuli, hili ndo naona ni tamu kuliko yote. Chini ya kibofu kuna misuli inayobeba kila kitu cha nyongani, tuiite misuli ya sakafu ya nyonga. Kwa wanawake wengi wenye maumivu haya misuli hiyo imekaza muda wote, haipumziki, na ukiibonyeza maumivu yanaruka. Nani anaiamuru ikaze? Sio mgonjwa kwa hiari yake. Kundi la watafiti wa chuo cha University of Southern California, Los Angeles, lilionesha mwaka 2014, kwa wanaume wazima wasio na ugonjwa, kwamba mtu akikaza makalio au hata vidole vya miguu, misuli ya sakafu ya nyonga nayo inakaza yenyewe bila kuambiwa, ila akikaza vidole vya mkono haifanyi hivyo, na sehemu ya ubongo inayohusika ni ile ya katikati kabisa, upande wa ndani ambapo nusu mbili za ubongo zinatazamana. Basi wazo likazaliwa, kama ubongo ndo unatuma amri ya kukaza bila kujua, kwa nini tusiuguse ubongo wenyewe.

Mashine yenyewe inafanyaje? Hii ya sumaku, TMS, ilianzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985 kwa Anthony Barker na wenzake. Ni koili ya waya inawekwa juu ya kichwa, umeme mkubwa unapita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, inatengeneza uga wa sumaku unaopita fuvu bila kuumiza, na huo uga ukiingia ndani unazalisha umeme mdogo kwenye seli za ubongo. Ukiweka sawasawa eneo la mkono kidole kinaruka chenyewe, watu wakiona mara ya kwanza wanacheka. Ukirudia mapigo mengi kwa mpangilio fulani unaweza kubadilisha tabia ya eneo hilo kwa muda, na kwa kawaida mapigo ya haraka yanaliamsha, ya polepole yanalituliza, ingawa sio kila ubongo unatii hiyo kanuni. Njia ya pili, tDCS, ni rahisi zaidi, sponji mbili zenye maji ya chumvi kichwani na umeme wa miliampia 1 au 2 kwa kama dakika 20, hakuna kinachoruka, unasikia tu kuwashwa kidogo.

Kuna kikwazo ambacho matangazo hayakisemi. Eneo la mkono liko juu juu, chini tu ya fuvu, ndo maana tafiti nyingi za maumivu zililipenda. Eneo la nyonga limejificha kwenye ule mpasuko wa katikati, ndani zaidi, na uga wa sumaku unapungua nguvu haraka kadiri unavyoenda chini. Kwa hiyo unahitaji koili maalumu, na ukiongeza nguvu kufika chini unagusa na majirani njiani, miguu inaruka kabla ya nyonga kujua chochote.

Haya, matokeo sasa. Mwaka 2018 Waitaliano, Cervigni na wenzake, walichukua wagonjwa 15 wa sindromu hii, wakatumia koili ya kina kwenye eneo la ubongo linaloamuru misuli ya nyonga, siku tano kwa wiki, wiki mbili, kila mgonjwa akapitia mashine ya kweli na ya kuigiza, isiyosisimua ubongo kweli, kwa nyakati tofauti. Maumivu na dalili za mkojo vilipungua zaidi kwenye mashine ya kweli. Safi, nafurahi, lakini ni watu 15. Mwaka huo huo Wafaransa wa Nantes wakaandika kuhusu mgonjwa aliyepata nafuu ya muda mrefu, ila wao walipiga sehemu nyingine kabisa, ubongo wa mbele, kulia na kushoto, kwa mapigo ya polepole. Nyuma kidogo, 2009, kuna jaribio la umeme mdogo kwa wanawake 7 wenye maumivu sugu ya nyonga. Kumi na tano, mmoja, saba. Ukumbi wa kitchen party unawabeba wote na viti vinabaki.

Na angalia, hawakubaliani hata pa kugusa. Mmoja anagusa eneo la misuli kwa kasi, mwingine anagusa ubongo wa mbele polepole. Ubongo wa mbele ndo hapo hapo panapotibiwa sonona kwa TMS, matibabu ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliyaruhusu tangu 2008. Sasa mwanamke aliyeumwa miaka mingi, halali, ndoa imeyumba, kazini anaonekana mvivu kwa kukimbilia choo, ukimpunguzia sonona si atasema maumivu yamepungua? Atasema, na atakuwa anasema kweli, lakini hujathibitisha kwamba umetibu njia ya kibofu. Kwangu hiyo sio hoja ya kuikataa tiba, nafuu ni nafuu, ila ni hoja ya kutotangaza kwamba tumepata swichi ya kibofu kichwani.

Suala la mashine ya kuigiza nalo lina utata wake. TMS inapiga kelele, inagonga ngozi ya kichwa kama kalamu, misuli ya uso inaweza kucheza, kwa hiyo mgonjwa aliyepitia zote mbili anaweza kubahatisha ipi ni ya kweli. Na ugonjwa wenyewe unapanda na kushuka wenyewe, wagonjwa wanajiunga na utafiti wakiwa wamezidiwa, baada ya wiki kadhaa wengine wangepata nafuu hata kama ungewapa maji. Ndo maana mapitio ya 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba kwa pamoja, kuhusu kusisimua ubongo kwa maumivu sugu ya kila aina hayakuwa na shangwe: sumaku kwenye eneo la ubongo linaloamuru misuli inaweza kupunguza maumivu kwa muda mfupi, lakini kiasi chenyewe ni kidogo na tafiti nyingi zina kasoro. Kwa haki niseme pia kwamba wataalamu wa Ulaya wakiongozwa na Lefaucheur wanaipa TMS ya kasi daraja la juu kwa maumivu yanayotokana na mishipa ya fahamu kuharibika. Lakini maumivu ya kibofu mengi hayana mshipa ulioharibika unaoonekana, huwezi kuazima cheti cha jirani.

Kuna watu wataniambia, mgonjwa amekata tamaa, muache ajaribu, sumaku haina madhara makubwa. Ni kweli madhara yake si mengi, kichwa kuuma, ngozi kuuma, mara chache sana degedege, na mwenye chuma kichwani au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani asiguse kabisa, mwenye kifafa asiende bila daktari bingwa kuamua. Lakini huu ugonjwa umeshatufundisha kuhusu haraka. Dawa ya pentosani iliruhusiwa Marekani mwaka 1996, ikawa ndo kidonge pekee chenye ruhusa rasmi kwa ajili yake, wanawake wakaimeza miaka na miaka, mpaka 2018 madaktari wa macho wa chuo cha Emory, Atlanta, wakaanza kuripoti uharibifu wa retina kwa waliotumia muda mrefu, na onyo likawekwa kwenye karatasi ya dawa 2020. Miaka zaidi ya ishirini. Sumaku sio kidonge, sawa, ila hakuna aliyefuatilia wanawake wa kibofu waliopigwa mapigo hayo kwa miaka kumi.

Sasa kile nilichosema hakihitaji mashine. Kama tatizo ni misuli iliyokaza kwa amri ya ubongo, kuna njia ya kuifikia kutoka chini kwenda juu, kwa mikono. Mwaka 2012 FitzGerald na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 81 wenye ugonjwa huu, nusu walipata fiziotherapia ya kulegeza misuli ya nyonga, ndani na nje, nusu wakapata masaji ya kawaida ya mwili mzima. Asilimia 59 ya kundi la kwanza walisema wamepata nafuu ya maana, dhidi ya 26 kwa masaji. Tafuta utafiti wa sumaku kwa kibofu wenye watu wengi hivyo na tofauti kubwa hivyo, hutauona. Na vyombo vyake ni mikono iliyofundishwa, glavu na chumba chenye faragha.

Hapo hapo kuna onyo ambalo natamani litangazwe redioni. Mazoezi ya kegeli, yale ya kubana, ambayo kila kungwi na kila mwalimu wa mitandaoni anawafundisha wanawake kama dawa ya kila kitu, kwa mwenye maumivu haya hayafai. Mwongozo wa kile chama cha madaktari wa mkojo cha Marekani unasema wazi yaepukwe. Misuli tayari imekaza, wewe unaiambia ikaze zaidi. Anayehitaji kujifunza kulegeza anafundishwa kubana, halafu akizidiwa anaambiwa hajafanya kwa bidii.

Kwetu kuna hatua nyingine kabla hata ya fiziotherapia, ambayo mwongozo wa Marekani hauna haja ya kuisisitiza sana. Kichocho. Mwanamke aliyekulia mikoa ya Kanda ya Ziwa au Pemba, aliyeoga na kufua kwenye maji yenye konokono, anaweza kuwa na maumivu ya kibofu na nyonga kwa sababu ya mayai ya minyoo yaliyokwama kwenye ukuta wa kibofu au kwenye shingo ya kizazi, na hilo lina dawa, prazikwanteli. Kifua kikuu nacho kinaweza kukaa kwenye njia ya mkojo na mkojo ukioteshwa kwa njia ya kawaida kisionekane. Endometriosisi pia, ile ya tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake. Kumpeleka mtu wa hivyo kwenye sumaku ya kichwa kabla ya kuangalia haya ni kosa.

Na tuseme tu siku moja mashine inafika Dar au Nairobi kwa ajili ya kibofu. Ratiba ya kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki mbili mpaka sita. Mgonjwa wetu anakojoa kila nusu saa. Anatoka Mbagala au Kitengela, foleni ya asubuhi inamla saa moja na nusu nzima, daladala haina choo, kondakta hasimamishi gari kwa ajili ya mkojo, anafika ameshajikaza njia nzima, yaani misuli ile ile unayotaka kuilegeza ameikaza dakika tisini ili aje umtibu. Halafu arudi hivyo hivyo, na kesho tena. Wanaobuni matibabu haya wanafanyia kazi karibu na maegesho ya magari na vyoo safi. Kuna mipangilio mipya ya mapigo inayochukua kama dakika tatu badala ya nusu saa, inatumika tayari kwa sonona, lakini dakika tatu za mashine hazifuti dakika tisini za foleni. Kwa mazingira yetu ule umeme mdogo wa kuvaa nyumbani ungekuwa na mantiki zaidi kama ungethibitika, kifaa chake ni kidogo na hakihitaji jengo.

Bahati mbaya hicho ndo watu wanaanza kununua wenyewe mtandaoni. Sponji ikikauka inaunguza ngozi, ikikaa pembeni unasisimua eneo lisilohusika, na hakuna anayejua uache lini. Wadada walioko Ulaya, Marekani au Ghuba wana nafasi tofauti kidogo, huko wanaweza kukuta jaribio rasmi lenye kamati ya maadili, na kama vipimo vyote vimefanyika, vidonda vya Hunner vimetafutwa, fiziotherapia imejaribiwa na maumivu bado, mimi ningemwambia ajiunge bila kusita. Kwenye jaribio la kweli hatozwi hela, anasainishwa fomu inayomwambia wazi anaweza kuwa kwenye kundi la kuigiza, na ana haki ya kujitoa siku yoyote. Kliniki inayomdai alipie vikao thelathini kabla hajakaa kwenye kiti, na haimuulizi hata kama mkojo wake umewahi kuoteshwa, hiyo aipite.